Vipande 21 vya Python: msimbo wa 1991 ulivyookolewa

Kuna swali ambalo wateja hutuuliza kila mara: "Nimebadilisha simu, na meseji zote za malipo zimeenda. Sasa mwenye nyumba nitamwonyesha nini?" Jibu tunalo, na utalipata hapa chini. Lakini kwanza hebu twende Amsterdam, kwa sababu lugha moja maarufu ya kompyuta iliwahi kukaribia kupoteza meseji zake za kwanza.

Lugha yenyewe ni Python. Ukimjua kijana yeyote anayesomea kompyuta, ameshaigusa. Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI, alianza kuiandika wakati wa Krismasi ya 1989. Februari 1991 akaitoa kwa umma, toleo 0.9.1. Siku hizo hakukuwa na kubonyeza "pakua". Alituma msimbo chanzo, yaani yale maagizo yenyewe jinsi binadamu alivyoyaandika, kupitia Usenet, mtandao ambapo ujumbe ulirushwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Msimbo ulikuwa mrefu mno kuingia kwenye ujumbe mmoja. Basi akaukata vipande 21 na kuvipa namba: 1 kati ya 21, 2 kati ya 21, hadi mwisho.

Sasa shida. Usenet haikuwa kabati la kuhifadhia. Nafasi kwenye diski ilikuwa ghali, kwa hivyo mashine nyingi zilifuta ujumbe wa zamani ili mpya uingie. Kilichosalia kilisalia kwa sababu kuna watu wachache waliokataa kufuta. Mmoja wao ni Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, aliyekuwa akinakili ujumbe wa Usenet kwenye tepu za sumaku tangu 1981.  Mwaka 2001 Google ilinunua kumbukumbu za kampuni ya Deja News, kisha ikaongeza makusanyo ya zamani kama ya Spencer.

Ni kwenye kumbukumbu hizo za Google ambapo vile vipande 21 vilipatikana, vikaunganishwa upya kwa mpangilio wake, na leo faili moja ya 0.9.1 iko kwenye ukurasa wa matoleo ya kale ya Python. Namba zilisaidia sana hapa. Bila zile "kati ya 21", ungejuaje kama umekusanya vyote au kimoja kimebaki nje?

Na kuna jambo ambalo watu hulisahau: ruhusa. Msimbo ule ulikuja na leseni iliyoruhusu mtu yeyote kuunakili na kuusambaza. Kama ungefungiwa kwenye droo ya ofisi moja, tungekuwa tunategemea droo hiyo tu.

Ukiufungua leo utacheka kidogo. Alama moja ya "=" ilifanya kazi mbili, kuweka thamani na pia kuuliza kama vitu viwili ni sawa. Baadaye swali likapewa "==" yake. Anayeanza kujifunza Python leo hukosea hapo kila siku, kumbe lugha yenyewe ilianzia hapo hapo!

Baada ya hapo Python imehama nyumba mara kadhaa. Kumbukumbu za mabadiliko yake zilikuwa kwenye mfumo wa CVS, zikahamia Subversion 2005, Mercurial 2011, na GitHub 2017. Kila mara walibeba historia nzima, si toleo la mwisho pekee. Ndiyo maana hadi leo unaweza kuona badiliko la tarehe 9 Agosti 1990.

Si kila mradi una bahati hiyo. Google Code ilifungwa 2016. Bitbucket iliacha kutumia Mercurial 2020, na aliyekuwa hajahamisha kazi yake akabaki mikono mitupu. Ufaransa kuna mradi uitwao Software Heritage, ulioanzishwa na taasisi ya Inria, unaokusanya msimbo chanzo kutoka kila pembe. Kila faili hupewa utambulisho unaokokotolewa kutoka kwa maandishi yake yenyewe. Badilisha koma moja tu, utambulisho unabadilika, na udanganyifu unaonekana.

Hapa tuseme wazi, kwa sababu wengi huchanganya: namba ya muamala kwenye meseji yako haifanyi kazi hivyo. Tapeli anaweza kuandika meseji yenye namba inayofanana kabisa na ya kweli, na meseji yenyewe haitakuambia lolote. Namba ina maana tu ikilinganishwa na rekodi iliyo upande wetu. Kwa hivyo ukiwa dukani, angalia salio kabla ya kutoa bidhaa. Skrinshoti ya mteja usiitegemee, ni picha tu.

Sasa tumrudie yule wa mwenye nyumba. Meseji zikipotea, malipo hayajapotea. Omba taarifa ya miamala kupitia menyu ya akaunti yako au kwa huduma kwa wateja, ukitaja tarehe za mwanzo na mwisho. Ikifika, ihifadhi sehemu mbili, mathalan kwenye barua pepe na kwenye kompyuta au simu ya mtu unayemwamini, na usihariri kitu. Ikiwa na kurasa kadhaa, tuma zote. Mwenye nyumba akiona ukurasa wa 2 kati ya 5 peke yake, atauliza zile nyingine nne ziko wapi.