Chukudu: Chombo, Jina na Sanamu
Barabara itokayo Walikale hupitia Masisi na Sake hadi Goma. Katika miteremko ya Masisi, chukudu hubeba makaa, viazi na maharagwe. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu. Breki yake ni kipande cha mpira kikanyagwacho kwa mguu. Jina lenyewe, wasema wengi, ni tanakali ya mlio wake. Mwendeshaji huitwa chukudeur: shina la kwetu, kiambishi tamati cha Kifaransa, kilekile cha chauffeur, nacho humpa mchukuzi hadhi ya mwenye kazi. Mwaka 2009 Goma ilimsimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Yastahili, lakini fundi atambuaye, kwa jicho tu, mti ufaao usukani, bado huitwa seremala, wala si msanii.