Kabla Hujadungwa Kisigino

Ukishuka kitandani asubuhi, ukakanyaga sakafu na kushika ukuta kwa maumivu, kisha baada ya hatua chache ukatembea vizuri, huenda tatizo ni utando mgumu wa unyayo, pale unaposhika mfupa wa kisigino. Mkulima wa Kabazi, kaunti ya Nakuru, anayeshinda kwenye miteremko na gambuti hana siku ya kuupumzisha. Ndiyo maana anataka sindano.

Simlaumu. Steroidi kama triamsinoloni hutuliza maumivu upesi, naye akarudi shambani. Lakini nafuu hiyo mara nyingi haipiti wiki chache, na dawa hiyo hiyo hudhoofisha nyuzi alizorudi kuzibebesha mzigo. Utando unaweza kukatika. Mafuta yanayokinga kisigino yanaweza kukonda mtu akabaki akikanyagia mfupa, na hayo hayarudi kwa urahisi. Mwenye kisukari, sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa; ni haki yake kuambiwa mapema.

Kano la Akilesi, lile nene la nyuma ya kisigino, ndilo linalonitia hofu zaidi. Hilo likidungwa steroidi linaweza kukatika, kwa hiyo uliza: ni dawa gani, na inaingia wapi hasa? Asiyeweza kukujibu asikudunge. Mkimbiaji ana swali la ziada, kwani tangu Januari 1, 2022 sindano zote za steroidi za kundi lake, glukokotikoidi, ni marufuku wakati wa mashindano, na triamsinoloni imesababisha wanariadha Wakenya kadhaa kufungiwa.

Kwa kano linalouma katikati, mazoezi ndiyo tiba ya kwanza. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Uswidi alionyesha njia ambayo bado tunaitumia: simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, kisha shusha kisigino cha mguu unaouma polepole. Mara 15, raundi tatu goti likiwa limenyooka, tatu likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiacha wiki ya tatu, kabla haijaanza kulipa.

Ukiwa umeshadungwa, kisha siku moja ukasikia mlio nyuma ya mguu kana kwamba umepigwa teke, lala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akubinye kigimbi. Wayo usipocheza, huenda kano limekatika; panda gari la kwenda hospitali Nakuru siku hiyo hiyo.