Ng'ombe Wako na Maji ya Machimbo

Ndugu mkulima wa Iguhu, dhahabu ya Kakamega imechimbwa tangu miaka ya 1930, na hata leo wachimbaji wadogo huikamata kwa zebaki. Zebaki ni sumu. Ng'ombe akinywa maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, au akila nyasi zilizolowa tope lake, sumu huingia katika figo na maini, ikazidi kidogo kidogo. Kuchemsha nyama hakuiondoi.

Basi fanya hivi: zungushia ua mashimo na madimbwi ya machimbo. Mnyweshe ng'ombe maji ya chemchemi iliyo juu ya machimbo. Usichome zebaki karibu na zizi. Akitetemeka au akikataa malisho, mwite Bwana Mifugo upesi. Akifa, usigawe nyama, zika mzoga.