Lori Likifungwa Tela, Hesabu ya Mafuta Hubadilika



Kila msimu wa pembejeo unapokaribia, vyama vya msingi vyenye malori hufunga tela ili safari moja ifanye kazi ya safari mbili. Uamuzi huo ni wa busara. Lakini aghalabu tela hufungwa huku hesabu ya mafuta ikibaki ile ile ya lori peke yake. Hapo hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama lori hukwama porini likiwa na mbolea ya wanachama, ama dereva hurudi akidai fedha zaidi na kushukiwa kuwa ameuza dizeli. Yote mawili yaweza kuepukwa kwa kalamu na karatasi kabla ya safari.

Sababu za tela kula mafuta

Injini hutumia nguvu nyingi kuuondoa mzigo unaposimama na kuupandisha mlimani. Tela huongeza uzito, huongeza magurudumu yanayosuguana na barabara, na huongeza mwili unaopigwa na upepo. Upepo huo huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe. Kwa hiyo dereva anayekimbia hupoteza mafuta mengi kwa kuokoa dakika chache. Sheria ya Tanzania hairuhusu gari kubwa la mizigo kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwa lori lenye tela mwendo ulio chini ya huo ndio wenye faida.

Pima kabla ya kupanga

Usikubali kipimo cha kukisia. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita zinazosomeka, fanya safari, kisha ujaze tena hadi juu. Kilomita ulizokwenda zigawe kwa lita ulizoongeza. Lori likienda kilomita 318 na kuongezwa lita 159, linakwenda kilomita 2 kwa lita. Pima mara tatu: lori bila tela, lori na tela tupu, na lori na tela lenye mzigo. Vipimo hivyo vitatu vibandikwe ofisini, mahali ambapo dereva na wanakamati wote wanaviona.

Mfano: Mpanda na Tabora

Tuchukue chama cha Mpanda kinachotuma lori kuchukua mbolea Tabora, umbali wa kilomita zipatazo 350. Tuseme tangi lake ni la lita 200, na vipimo vyake ni kilomita 3.5 kwa lita bila tela, 3 likiwa na tela tupu, na 2 likiwa na mzigo.

Kanuni ya kwanza ni kwamba robo ya tangi isihesabiwe kamwe. Hiyo ni akiba ya barabara iliyofungwa, ya kituo kilichoishiwa mafuta, au ya umeme uliokatika pampu zikashindwa kufanya kazi. Kadhalika, dizeli ikikauka kabisa, hewa huingia katika mabomba, na hata baada ya kuongeza mafuta injini haitawaka mpaka fundi aitoe hewa hiyo. Basi, katika lita 200, tunazo lita 150 za kupangia.

Lita 150 zililifikisha lori lisilo na tela umbali wa kilomita 525. Dereva aliyezoea hivyo huamini kwamba tangi moja linamtosha kutoka Tabora hadi Mpanda bila wasiwasi. Lakini kwa tela lenye mzigo, lita hizo hizo zinamfikisha kilomita 300 tu. Safari ambayo jana ilikuwa nyepesi, leo imepita uwezo wa tangi.

Kwenda, kwa tela tupu, kunahitaji lita 117 hivi. Tangi linatosha na akiba haiguswi. Kurudi kunahitaji lita 175, na akiba itakuwa imeliwa nusu kabla ya kufika. Dawa yake ni ndogo: ajaze Tabora, kisha aongeze Sikonge, kilomita zipatazo 70 mbele, zile lita 35 alizotumia. Toka hapo zimebaki kilomita 280, yaani lita 140, na akiba inabaki salama. Akipata mafuta Inyonga, ni heri. Lakini mpango usiegemee kituo kilichoko katikati ya safari pasipo kupiga simu asubuhi ya siku ile.

Kanuni ya pili, basi, ni hii: kila upande wa safari uhesabiwe peke yake, kwa uzito wake.

Kituo cha kufaa

Si kila kituo kinafaa tela. Kurudi nyuma na tela mahali finyu ni kazi ya hatari, hata kwa dereva hodari. Chagua kituo chenye lango la kuingilia na la kutokea, chenye paa lililo juu ya kimo cha mzigo, na ikiwezekana kilichoko upande wa kushoto wa barabara ili lori lisivuke magari yanayokuja. Panga kufika mchana. Utingo ashuke na kumwongoza dereva.

Msibebe dizeli katika madumu juu ya mbolea. Dumu huvuja, na baadhi ya mbolea, hasa zenye naitreti, zikichanganyika na mafuta huongeza ukali wa moto.

Muda wa kujaza usipotee bure. Utingo akague pini ya tela, minyororo ya usalama, mipira ya hewa ya breki, taa, matairi na kamba za turubai. Asogeze mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu pasipo kukigusa; kilicho moto kuliko vingine huonyesha breki inayoshika au beringi iliyochoka. Breki inayoshika ni hatari, na tena hula mafuta.

Masurufu na daftari

Katika mfano wetu, safari nzima inahitaji lita 292. Katibu aliyetumia kipimo cha lori bila tela angetoa masurufu ya lita 200 tu. Pengo la lita 92 si wizi. Ni kosa la hesabu lililofanyika ofisini, lakini lawama humwangukia dereva. Na pale ambapo kipimo cha haki hakijulikani, dereva mwaminifu na yule asiye mwaminifu huonekana sawa.

Kwa bei, tumieni bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hutofautiana kutoka mji hadi mji. Kwa hiyo kila kituo kihesabiwe kwa bei ya mahali pake. Katika daftari la safari dereva aandike tarehe, kituo, kilomita, lita na fedha, na kila mstari uwe na stakabadhi yake. Matumizi yakizidi kipimo, lori likaguliwe kwanza, kisha dereva aulizwe.

Ndugu Katibu, mbolea inayochelewa siku tatu njiani yaweza kumkuta mwanachama mvua zimekwisha mpita, na gharama ya fundi aliyefuatwa porini hulipwa kwa ushuru wa mwanachama huyo huyo. Akiba haiozi: ile robo ya tangi isiyoguswa ni mali ya wanachama wote. Kabla lori halijatoka, kaeni na dereva, hesabuni pamoja, na nyote wawili mtie sahihi.