Kichanga, kifafa na mizani ya mafuta

Gongoni, Tabora mjini, uji wa mtoto haukosi sukari, na wapo wanaotia asali. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kwa kichanga mwenye kifafa kikali anayetibiwa kwa lishe ya ketojeni, hata sukari iliyomo kwenye dawa ya maji inahesabiwa.

Lishe hiyo ilipendekezwa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani. Ilishajulikana kwamba mgonjwa akikaa siku kadhaa bila kula, kifafa hupungua. Lakini nani amfungishe mtoto miezi na miezi? Wilder akaona njia: mpe mafuta mengi, mnyime wanga. Ini hugeuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia badala ya glukosi. Ubongo wa kichanga unazitumia vizuri zaidi kuliko wa mtu mzima.

Katika maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu hutoka kwenye mafuta. Lishe hii huipandisha sehemu hiyo hadi asilimia 87 au 90: gramu 3 au 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Kila mlo unapitia kwenye mizani, na ketoni hupimwa kwenye damu au mkojo. Mtoto anaweza kutapika, kufunga choo, kushukiwa na sukari, kupata mawe kwenye figo.

Najua atatokea wa kusema: mawese ya Kigoma yanatufikia, karanga tunalima wenyewe, kwa nini tusijaribu nyumbani? Hapana. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na miili isiyoweza kuchoma mafuta, na lishe hii inaweza kuwaua. Ndiyo maana vipimo vya damu hutangulia.

Wala tusidhani tumenyimwa muujiza. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa KIWE, uliofanywa katika hospitali 19 za Uingereza kwa watoto 136 wa mwezi 1 hadi 24 ambao dawa mbili au zaidi hazikuwafaa. Wengine walipewa lishe, wengine wakaongezewa dawa. Baada ya wiki sita hadi nane, lishe haikuonekana kuzishinda dawa. Inabaki tegemeo kubwa kwa wenye kasoro ya kupitisha glukosi kwenda kwenye ubongo, na chaguo la akiba kwa wengine.

Kinachotugharimu sisi ni kuchelewa. Aina moja mbaya ya kifafa cha vichanga haifanani na degedege: mtoto anaamka, kichwa kinainama, mikono inaruka mbele kwa sekunde moja au mbili, anatulia, kisha tena, mfululizo. Bibi atasema ni mchango. Jirani ataleta kinyesi cha tembo cha kufukiza. Wakati huo ubongo unaharibika, ilhali prednisolone, kidonge cha bei nafuu, ni miongoni mwa dawa za kwanza za ugonjwa huo.

Mama, ukiona hivyo, mrekodi mtoto kwa simu na umpeleke hospitali ya Kitete, hapa mjini, siku hiyohiyo. Daktari akiiona video hiyo, atajua aanzie wapi.