Je, Wajua? Wahenga wa Ugiriki ya Kale na Wahenga wa Kyela

Kijiji cha rika moja
Zamani huko Kyela, kijana wa Kinyakyusa akitimiza miaka 10 au 11 alihama kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika. Chakula alikula kwa mama na shamba alilima la baba, lakini maisha yake yalikuwa huko, hata akaoa huko. Mtafiti Monica Wilson aliuandikia utaratibu huo kitabu kizima, kikatoka mwaka 1951.

Gumzo ndilo darasa
Wazee wa Unyakyusa waliamini kwamba akili na adabu hupatikana kwenye ukwangala: kukaa na wenzako, mkala, mkanywa na mkazungumza. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle angewaunga mkono. Kitabu chake cha maadili kina sehemu 10, na 2 nzima ni za urafiki! Alisema hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki, hata angekuwa na mema mengine yote.

Tajiri mchoyo, jihadhari!
Mwenye ng'ombe wengi asiyewakaribisha jirani zake nyama na pombe alihofia "pumzi ya watu": manung'uniko yao, iliaminika, yangemletea maradhi. Kwa hiyo mali ilikuwa na masharti, na mlinzi wa masharti hayo alikuwa jirani.

Mwanafalsafa aliyewazidi wafanyabiashara
Thales wa Miletus alichekwa kwa umaskini wake. Aristotle anasimulia kwamba alitabiri mavuno makubwa ya zeituni, akakodi vinu vyote vya kukamulia mafuta mapema, kwa bei ya chini. Ni kama mtu wa Bujonde, kule Kyela, akodi mashine zote za kukoboa mpunga wakati wa palizi, kisha mavuno yakiiva kila mkulima amfuate yeye! Thales alipata fedha nyingi, akathibitisha kwamba mwenye hekima anaweza kutajirika akitaka. Ila moyo wake haupo huko.

Kiongozi asiye na nyumba ya kupangisha
Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mwanafalsafa Plato wa Athens aliandika kwamba walinzi wa dola bora wasimiliki dhahabu, fedha wala nyumba zao binafsi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi wa Tanzania kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Swali la Athens lilijibiwa upya Arusha, na aliyeongoza jibu hilo, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu kwa kazi na kwa jina.

Ada ni shilingi ngapi?
Mwanafalsafa Socrates hakutoza ada kwa mafundisho yake. Protagoras alitoza, lakini mwanafunzi aliyeona bei ni kubwa aliruhusiwa kwenda hekaluni, akaapa masomo yale yana thamani gani, akalipa hiyo tu. Aristippus naye alimtajia mzazi mmoja drakma 500 za kumfundisha mwanawe, ujira wa fundi kwa zaidi ya mwaka. Mzazi akang'aka: "Kwa fedha hizo nanunua mtumwa!" Aristippus akamjibu: "Mnunue, utakuwa nao wawili."