Duka la Chai ya Tapioka: Gharama Huanza Baada ya Kufungua Mlango

Mtu anayetaka kufungua duka la chai ya tapioka chini ya jina la kampuni kubwa huanza kwa kuuliza ada ya kujiunga. Jibu lake hupatikana upesi, kwa sababu kampuni nyingi huitangaza ada hiyo waziwazi, na mara nyingi huwa ndogo kuliko muulizaji alivyohofia. Shida iko hapo hapo. Ada ya kujiunga hulipwa mara moja na kusahaulika, au hulipwa kidogo kidogo kila mwaka bila kuumiza. Kinachoamua kama duka litasimama ni fedha zinazokwenda kwa mwenye chapa kila wiki baada ya mlango kufunguliwa, na sehemu kubwa ya fedha hizo wala haiitwi ada. Huitwa vikombe, sukari, maziwa ya unga na majani ya chai.

Mixue ya China inaonyesha jambo hili vizuri kuliko kampuni nyingine yoyote. Ilianzishwa na Zhang Hongchao mwaka 1997 mjini Zhengzhou, mkoani Henan, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa na maduka zaidi ya 45,000, idadi iliyoipita McDonald's. Zaidi ya asilimia 99 ya maduka hayo ni ya watu waliokodi jina, yaani franchaizi. Kwa miaka kadhaa ada iliyotangazwa ilikuwa yuan 7,000 kwa mwaka kwenye mji wa wilaya na 11,000 kwenye mji mkuu wa mkoa, kiasi ambacho hata mfanyabiashara wa mtaani anaweza kukikopa kwa ndugu. Kampuni ilipoorodhesha hisa zake katika soko la Hong Kong, Machi 2025, ililazimika kuwaonyesha wawekezaji fedha zake zinatoka wapi. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake yalitokana na kuwauzia wenye maduka malighafi, vifungashio na mashine. Ada na huduma zilichangia asilimia chache tu. Kijana anayenunua maji ya ndimu kwa yuan 4 ni mteja wa duka. Mteja wa Mixue ni mwenye duka mwenyewe.

Hakuna udanganyifu katika mpango huo, na wala sidai hivyo. Lakini anayeingia humo ajue anaingia kama mnunuzi wa jumla aliyefungwa kwa mkataba. Na kabla hajanunua kikombe cha kwanza atakuwa amelipia vitu vingi: mashine ya kutengeneza barafu, kichujio cha maji, birika kubwa za kuchemshia chai, kipimio cha sharubati, sufuria ya kupikia punje za tapioka, mashine ya kufunga vikombe kwa utando wa plastiki, pamoja na mapambo ya duka ambayo lazima yafanane na picha zilizotoka makao makuu. Kwa duka la Mixue nchini China, mambo hayo pamoja na amana na shehena ya kwanza yalikadiriwa kuvuka yuan laki mbili bila kodi ya pango. Punje zenyewe ni mzigo wa pekee. Huchemshwa kwa karibu nusu saa, kisha huachwa zitulie, na zikikaa saa nne hivi huanza kuwa ngumu na kupoteza utamu wa kutafuna. Zilizobaki hutupwa. Duka lenye wateja wa kubahatisha hupika, hutupa, na hupika tena, na kila gunia la punje lilishalipiwa.

Marekani inatusaidia kuuona mzigo huu kwa sababu sheria imeufanya uandikwe. Kanuni ya franchaizi ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, iliyotungwa mara ya kwanza mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho 2007, humtaka mwenye chapa ampe mnunuzi waraka wenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Watu wengi hukimbilia kipengele cha 7, chenye makadirio ya mtaji wa kuanzia. Mimi ningeanza na cha 6, chenye malipo yanayoendelea, halafu cha 8, kinachosema ni bidhaa zipi lazima zinunuliwe na kwa nani. Mrabaha na mchango wa matangazo, kwa kawaida, hukatwa kwenye mauzo ghafi. Haingoji faida.

Tuichore hesabu kwa namba za mfano. Duka linauza kwa dola 30,000 kwa mwezi. Mrabaha wa asilimia 6 ni 1,800, na matangazo ya asilimia 2 ni 600. Malighafi na vikombe vikichukua asilimia 30 ni 9,000. Pango ni 6,000, mishahara 9,000, umeme, maji, bima na matengenezo 2,000. Zinabaki 1,600. Sasa mauzo yashuke kwa asilimia 10, jambo ambalo majira ya baridi tu yanaweza kulileta: pango halishuki, mishahara haishuki, na mwenye duka anaingia hasara ya dola 260. Mwenye chapa naye amepungukiwa, lakini kutoka 2,400 hadi 2,160 tu, achilia mbali faida anayoweza kuipata kwenye malighafi. Hata bila mdororo wowote, ikiwa kufungua duka kuligharimu dola 250,000, mtaji utarudi baada ya miaka 13. Mikataba mingi ya aina hii huwa ya miaka 5 au 10.

Atakayepinga atasema kwamba pango na mishahara hulipwa hata na asiyekodi jina la mtu, na kwamba jina huleta wateja. Kweli. Tena hoja hii ina nguvu zaidi kuliko wanavyokubali wanaozikejeli franchaizi: kumuuzia mtu maji ya ndimu kwa yuan 4 na bado upate faida kunahitaji viwanda na maghala ambayo mwenye duka moja hawezi kuyajenga. Ila tutenganishe vitu viwili. Utaalamu wa chai hii si siri ya mtu. Nyumba mbili za chai za Taiwan, Chun Shui Tang ya Taichung na Hanlin ya Tainan, zilishtakiana kwa miaka kumi kuhusu nani aliibuni katika miaka ya 1980, na mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba hakuna haja ya kulijibu swali hilo, kwa kuwa kinywaji hakikuwa na hataza na yeyote anaweza kukitengeneza. Kinachonunuliwa, basi, ni jina na mnyororo wa bidhaa. Mnyororo ukiwa wa bei nafuu kweli, una thamani. Na jina hupoteza nguvu siku chapa ileile inapofungua duka jingine mtaa wa pili, ndiyo maana kipengele cha 12, kinachohusu eneo la mwenye duka, hakistahili kurukwa.

Wengine huonyesha idadi ya maduka: franchaizi zingekuwa zinaua watu, zingeongezekaje hivyo? Idadi inatuambia jinsi mwenye chapa anavyokua. Kila duka jipya ni mnunuzi mpya wa sukari yake, liwe linapata faida au linakula akiba ya familia. Ndani ya biashara yenyewe wapo walioona hatari hiyo. Chapa ya chai ya HEYTEA, iliyofungua milango kwa franchaizi mwishoni mwa 2022, ilisimamisha kupokea maombi mapya Februari 2025, ikikataa kuendelea na mashindano ya nani ana maduka mengi.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hesabu inapata kipengele kingine. Punje za tapioka ni wanga wa muhogo, na muhogo umejaa pwani yetu. Chai nyeusi hupigwa mnada Mombasa, nayo Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuiuza nje. Hata hivyo, mkataba ukisema malighafi zitoke kwa wauzaji walioidhinishwa, mwenye duka atasafirishiwa muhogo na majani ya chai kutoka Asia, alipe ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Atalipa kwa dola huku akiuza kwa shilingi. Mapema 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya, na baadaye mwaka huohuo ikarudi karibu 129; bei ya kikombe haiwezi kucheza hivyo bila kuwafukuza wateja. Na umbali una gharama zake hata kwa matajiri: mwaka 2021 maduka ya Marekani yaliishiwa punje kwa sababu meli zilikuwa zimesongamana kwenye bandari za California.

Afrika Kusini humlinda mnunuzi kwa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2008, inayompa siku 10 za kazi za kujitoa baada ya kusaini. Kenya na Tanzania hazina sheria mahsusi ya franchaizi, kwa hiyo mwenye chapa anaweza kukuletea kijitabu chenye picha nzuri na asivunje sheria yoyote. Lakini kama kampuni hiyo inauza franchaizi Marekani, waraka wake wa vipengele 23 tayari upo, na majimbo kama California, Wisconsin na Minnesota huziweka nyaraka hizo kwenye intaneti bila malipo. Aliye Mombasa anaweza kuusoma usiku huu. Kipengele cha 20 kinaonyesha maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa katika miaka mitatu iliyopita, na nyuma yake huambatana orodha ya wenye maduka waliojitoa mwaka uliotangulia, pamoja na njia ya kuwasiliana nao.